Shangazi, nywele za mtoto kavu kila siku na kuchana ni vita

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina binti wa miaka miwili na nusu hivi, nywele zake ni kipilipili haswa, ukizivuta zinafika shingoni ukiachia zinarudi juu ya sikio. Tatizo ukavu jamani. Namwosha nywele kila jioni akioga, natumia shampuu ya watoto ile ya bila machozi, nikishamkausha nampaka mafuta ya mgando ya kutosha tu, lakini asubuhi ukigusa ni kavu, nampaka tena, ikifika mchana kavu na vumbi limegandia humo humo. Kisogoni zimeshikana bonge moja. Akiona kitana tu anaingia chini ya kitanda. Mama mkwe anasema ninyoe zote zitaota laini, rafiki yangu anasema nimtie dawa kidogo ile ya watoto niache kujitesa. Nifanyeje?
Mama Niliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, na huyo wa chini ya kitanda mpe pole yangu pia maana yeye ndo anayevutwa.

Nywele hizo hazina njaa ya mafuta, zina kiu ya maji. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe, kwa mwenye nywele za singa yanateremka mpaka nchani bila shida, ila kwenye kipilipili kila unywele umejikunja weee, mafuta yanaishia karibu na shina na ncha hazipati kitu. Halafu mtoto kabla hajabalehe anatoa mafuta kidogo mno kuliko mtu mzima. Sasa hicho kidogo chenyewe wewe unakiosha kila jioni kwa shampuu, kisha unapaka mafuta ya mgando juu ya nywele ulizokwisha kausha. Mafuta ya mgando hayana maji hata tone, kazi yake kufunika, yakikuta unyevu yanauzuia usitoke, yakikuta ukavu yanaufunika huohuo ukavu na wewe unabaki unashangaa mbona nimepaka.

Hebu jaribu kitu. Shika kishungi kidogo cha nywele zake zikiwa kavu, udondoshee tone la maji kwa ncha ya kidole. Likikaa pale juu linang'aa na kuviringika bila kuzama, huenda kuna tabaka la mafuta ya siku nyingi, hapo maji yanaingia kwa shida. Kama ni hivyo (na kwa maelezo yako sitashangaa) mwoshe vizuri siku moja kwa shampuu, suuza, rudia tena palepale, uanze upya. Baada ya hapo shampuu iwe mara moja kwa wiki, zikifika siku kumi hakuna kesi. Siku nyingine akioga mmwagie maji matupu tu, vumbi na jasho vinatoka.

Na hiyo bila machozi isikuchanganye, maana yake haiwashi macho, basi, haimaanishi inalainisha nywele. Nyingi zimetengenezwa zikaribiane na machozi, pH (kipimo cha asidi na alkali) kama 7, wakati ngozi ya kichwa iko kama 5.5 na unywele wenyewe uko chini ya 4. pH ya juu inafanya vigamba vya unywele vinyanyuke, nywele zikwaruzane na zishikane. Usiitupe, ila baada yake lazima kondishna, na hapa ndo watu wanapobania kumbe ndo pa kumwaga.

Siku ya kuosha yenyewe iko hivi. Usichane kabla ya kuosha, zikiwa kavu utazikata. Mtoto akiwa kwenye beseni na vidude vyake vya kuchezea, lowanisha kichwa kizima, shampuu paka kwenye ngozi tu kwa ncha za vidole, povu likishuka linatosha kusafisha urefu, suuza. Kisha gawa kichwa mafungu manne, matatu yabane pembeni, na uanze na kisogo, manake huko ndo kubaya na subira ya mtoto iko mwanzoni, ukiacha kisogo mwisho utakutana nacho mmeshachoka wote wawili. Paka kondishna mpaka nywele ziwe zinateleza, yaani ukipitisha vidole unasikia zinakuponyoka. Tafuta fundo kwa vidole kwanza, utalisikia, ni kama kakokwa kadogo, lipasue taratibu kwa kulivuta huku na huku, sio kulishusha chini. Halafu chukua chanuo la meno mapana, SIO kitana cha meno madogo, mkono wa kushoto ukamate nywele juu ya fundo karibu na ngozi ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike kichwani, wa kulia uchane ncha peke yake, sentimita mbili tatu za mwisho. Zikipita, panda juu kidogo, tena kidogo, mpaka shina. Chanuo likikwama usilazimishe, ongeza maji na kondishna. Fungu likiisha lisokote ili lisirudi kushikana na mengine, nenda la pili. Ukiona mtoto kaanza kulia acha, malizia kesho, hakuna sheria inayosema kichwa kizima kiishe siku moja. Siku mbili tatu akigundua haiumi hatakimbia tena.

Ukimaliza suuza, na usisugue na taulo. Kamulia nywele kwenye fulana kuukuu ya pamba, bonyeza tu. Zikiwa bado mbichi kabisa paka kondishna ya kuacha, ile isiyosuuzwa (soma lebo, kitu cha kwanza kwenye viambato kiwe maji), halafu ndo mafuta juu yake, matone machache umeyapasha viganjani, uanzie nchani. Mafuta ya nazi mimi nayapenda, kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na yale ya madini, ya nazi tu ndo yalionekana kupunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Hayo ya mgando unayo tayari, tumia kiasi kidogo kwenye ncha tu na juu ya nywele mbichi. Kisha msokote mabutu makubwa sita au manane, yasibane, uyaache siku kadhaa.

Katikati ya wiki usichane. Weka maji kwenye chupa ya kupulizia na kondishna kijiko kidogo, tikisa, pulizia asubuhi mpaka nywele zilegee, bonyezabonyeza kwa mikono, tone la mafuta, kwisha, hata dakika tano hazifiki. Mchanganyiko tengeneza kidogokidogo, ukikaa siku nyingi unaharibika.

Kisogo hakitapona kama hujaangalia anapolalia. Mtoto anageuza kichwa usiku kucha kwenye shuka la pamba, pamba inanyonya unyevu na kusugua nywele, ndo lile bonge. Mtandikie shuka la satini lenye lastiki kwenye kona ili likae sawa kwenye godoro. Kofia ya satini kwa umri huu sishauri sana, wengine wanazivua usingizini ikateremka usoni, na kama kuna mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja hapo nyumbani huyo alale bila kofia yoyote na bila mto.

Sasa mama mkwe. Mweleze kwa heshima kwamba wembe unakata kilicho juu ya ngozi, umbo la unywele linatengenezwa chini kwenye kishimo chake ambako wembe haufiki, kwa hiyo kitakachoota ni kilekile. Watu wanaona tofauti kwa sababu nywele za utotoni zinabadilika zenyewe kadri mtoto anavyokua, kanyolewa hajanyolewa. Ukitaka kumnyoa ili upumzike miezi kadhaa nyoa, sina ugomvi na hilo, nywele zitarudi, ila usinyoe ukisubiri singa.

La dawa hapana. Hata hiyo yenye picha ya mtoto anacheka. Dawa za kunyoosha nywele ni alkali kali, nyingine zina haidroksidi ya sodiamu, nyingine ya kalsiamu inayochanganywa na guanidini, na zinanyoosha kwa kuvunja viungo vya ndani ya unywele. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hatulii, anajigusa kichwa kisha anajigusa jicho. Hakuna kidogo tu hapo.

SWALI: Shangazi habari. Ni baba, nalea mwenyewe kijana wangu wa miaka mitatu. Nimeona kichwani ana mabaka mawili ya mviringo hayana nywele, yana magamba meupe na vidoti vyeusi, anajikuna. Nilidhani ni ukavu nikapaka mafuta, haikusaidia, nikapaka krimu ya fangasi wiki ya tatu sasa, bado yanapanuka.
Baba Kijana

JIBU: Nzuri kaka. Huo sio ukavu, kwa maelezo hayo yanafanana sana na mapunye. Vidoti vyeusi ni nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Krimu haijakusaidia kwa sababu fangasi huyu anakaa ndani ya unywele na kwenye shina lake, krimu inaishia juu juu, kwa hiyo hujakosea kupaka, ni kwamba haiwezi kufika. Anahitaji dawa ya kumeza, anayoandikiwa na daktari kwa uzito wake, kwa kawaida ni wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi nane kutegemea dawa, na usikatishe ukiona nywele zimeanza kuota. Daktari anaweza kukwangua magamba kidogo akapime kwanza. Shampuu ya fangasi utapewa pia lakini hiyo ni ya kupunguza kuambukiza wengine, peke yake haiponyi.

Nyumbani tenga kitana, kofia na taulo lake, kagua vichwa vya watoto wengine, na kama kuna paka au mbwa mwangalie naye manyoya. Mashine ya kunyolea ioshwe na kutiwa dawa kabla haijamgusa mtu mwingine. Pakivimba pakawa laini panatoa usaha usipakamue, nenda hospitali haraka, hapo nywele zinaweza zisirudi tena kama pakiachwa.

SWALI: Mwanangu wa miaka miwili alisukwa juzi na kuwekewa shanga, amependeza sana ila kwenye mstari wa mbele wa nywele ametokwa na vipele vidogo na analia usiku. Nisubiri zilegee?
Mama K

JIBU: Usisubiri, fumua leo. Vipele hivyo na kilio ni dalili zimebanwa, nywele zinavutwa shinani, na ikirudiwarudiwa ule mstari wa mbele unarudi nyuma na ukizidi haurudi. Msusi akimaliza mtoto awe anaweza kunyanyua nyusi bila shida. Na shanga mtoe kabisa mpaka apite miaka mitatu, uzi ukilegea inaishia mdomoni au puani, na hata akiwa mkubwa asilale nazo. Ukimsuka tena iwe mikubwa na milegevu, wiki moja au mbili ufumue.

SWALI: Nywele za mwanangu hazikui kabisa, mtoto ana miaka mitatu nywele ziko palepale tangu mwaka jana. Nimeshauriwa nichanganye matone ya mafuta ya mnanaa na ya mti wa chai ili zikue haraka, ni salama?
Mwenye Haraka

JIBU: Kwa mtoto mdogo usifanye. Mafuta ya mnanaa yana mentholi, kwa watoto wadogo hasa chini ya miaka miwili yanaweza kuleta shida ya kupumua, na ya mti wa chai yakimezwa ni sumu, na kwenye ngozi yanaweza kuleta mzio. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, kipilipili inapungua kidogo hapo na inajikunja urefu wote, na za mtoto wako pengine zinakua ila ncha zinakatika kwa spidi ileile, kwa hiyo rudi juu usome jibu la Mama Niliyechoka, shida yako ni hiyohiyo.

Isipokuwa kama nywele zimekuwa chache, zimebadilika rangi kuwa nyekundu-nyekundu na zinang'oka ukizishika tu, na mtoto amepungua uzito au miguu imevimba, au amepoa hachezi. Hiyo sio ya shampuu wala mafuta, mpeleke kliniki haraka wakampime lishe na damu.