Ngalawa ya Jumapili: kabla ya upepo, tazama mwezi

Ndugu yangu, unasema umenunua ngalawa pale Kunduchi, unataka kuwapeleka watoto kisiwa cha Mbudya siku za Jumapili, na unauliza uanze kujifunza nini. Wengi watakuambia upepo. Mimi nasema maji.

Huku kwetu Dar, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3. Kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo juma moja baadaye, siku za maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, saa nne asubuhi unayakuta yamejaa.

Haya nilikuwa nayasikia tu. Julai moja, siku ya bamvua, nilitia nanga Mbudya saa mbili asubuhi, maji ya kiunoni, tukaenda kuchoma samaki. Kurudi, ngalawa imekaa mchangani, tengo moja, lile gogo la ubavuni, limezama nusu. Tukasukuma watu wanne, wapi! Mzee mmoja mvuvi akapita, akatutazama: "Mwanangu, unashindana na mwezi?" Akaenda zake. Ilielea karibu saa sita, na upepo wa kusi ulishakolea. Watoto walilowa mpaka Kunduchi, na mama yao hakunisemesha siku mbili.

Kwa hiyo Jumapili ya maji mafu ndiyo ya watoto. Ya bamvua nenda na watu wazima wenye subira.

Amari nayo, yaani kamba ya nanga, uikadirie kwa maji yatakayojaa, si kwa unayoyaona. Mita 2 za sasa zikiwa 5 jioni, kamba fupi itaing'oa nanga na chombo kitaondoka bila wewe. Nanga itue kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Kile kisiwa ni hifadhi.

Tangani, usifunge moja kwa moja demani, ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Izungushe mara moja tu, ncha ibaki mkononi. Upepo ukija wa ghafla, achia. Ubishi wa sekunde tatu umepindua wengi.

Laifu jaketi wazivae kabla ya kupanda, zisigeuzwe mito ya kukalia. Na kopo la kukumbia maji lifunge kamba. Langu la kwanza lilielea likaelekea zake Bagamoyo.