Barua kwa mwanangu: kidau utakachokishona

Mombasa, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalam aleikum. Sisi hatujambo, na mama yako anauliza kama umeshapata koti zito maana amesikia baridi imeanza huko.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema una gereji tupu hapo Southampton, mita 5 kwa 2.4, na unataka kujenga kidau cha tanga kwa mikono yako. Unauliza: ujenge kwa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, mataruma, yaani mbavu zake, na mbao kama alivyojenga Babu kule Matondoni, kisiwani Lamu, au ununue plaiwudi uishone kwa waya kama wafanyavyo wengi huko? Halafu mwisho kabisa, baada ya salamu, ukaongeza swali jingine: je, hicho cha plaiwudi Babu angekihesabu kuwa ni chombo?

Shona, mwanangu. Na hilo la Babu nina jibu lake, kwa kuwa alijibu mwenyewe nikisikia.

Kwanza la mbao. Chombo cha mbao kinataka maji. Kikilala majini mbao hufura, viungo hubana, na kalafati iliyopigiliwa kwenye nyufa ikashikwa sawasawa. Kikae wiki tatu mahali pakavu, mbao husinyaa, na siku ya kukishusha kinapitisha maji kama pakacha. Vyombo vya Lamu havina tabu hiyo kwa sababu kulala kwao ni majini. Chako kitalala gereji na kuonja bahari Jumamosi kwa Jumamosi. Plaiwudi tabaka zake zimepishanishwa nyuzi, moja kwa urefu na ya pili kwa upana, kwa hiyo haifuri wala haisinyai kiasi cha kukusumbua.

Na mataruma utayapata wapi? Babu hakuwahi kuwa na ramani ya chombo. Alikuwa akiingia mikokoni na shoka, anazunguka, anatazama juu, mpaka aone mlilana wenye tawi lililojipinda anavyotaka yeye. Taruma lilikuwa tayari mtini, kazi yake ni kulikata na kulichonga kwa tezo. Nilifuatana naye miaka minne na bado nilikuwa nikimwonyesha tawi, anatikisa kichwa. Huko mtu hupinda mbao kwa mvuke, nayo ni kazi nzuri, lakini si kazi ya kidau cha kwanza kwa mtu anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni.

Sasa nikwambie ya mwaka 1974. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Lamu kuja Mombasa kufanya useremala. Mwalimu mmoja Mwingereza alikuwa ameagiza boksi la dingi, yaani kidau kidogo cha tanga, aina ya Mirror, vipande vyote vya plaiwudi vimeshakatwa, akataka kijana wa kumsaidia. Aina hiyo ilionyeshwa watu mara ya kwanza London mwaka 1963. Waliibuni wawili: Jack Holt, mbunifu wa mashua, na Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha watu ufundi wa nyumbani kwenye televisheni. Gazeti la Daily Mirror ndilo lililoitangaza, ndiyo maana matanga yake ni mekundu. Urefu wake ni mita 3.3, upana karibu mita 1.4, na gamba lake tupu ni kilo 45 na ushee, watu wawili wanalibeba. Zimejengwa zaidi ya 70,000, nyingi ndani ya gereji, ua na hata sebule za watu wasiowahi kushika randa. Ukitaka shauri langu, jenga hiyo hiyo au nyingine ya ukoo wake. Foromali yake, ule mti unaobeba tanga, husimama sambamba na mlingoti, na vyote ni vifupi kiasi cha kulala ndani ya kidau ukikisafirisha. Kwa gereji yako inafaa: utabaki na nusu mita kila ubavu ya kupita. Lakini pima upana wa mlango kabla ya yote.

Tulitoboa matundu mawili mawili kando ya kila ubao, tukapitisha waya wa shaba, tukasokota kwa koleo. Asubuhi zilikuwa mbao bapa sakafuni, jioni limesimama umbo la chombo. Mimi niliyezoea kuona chombo kikikua taruma kwa taruma, mwezi kwa mwezi, nilikaa chini nikakitazama tu. Kesho yake tukamimina resini kwenye maungio, tukalaza utepe wa faibaglasi juu yake, ikakauka.

Wiki ile Babu alikuja kutoka Lamu. Nikampeleka uani kwa yule mwalimu. Aliinama, akapitisha kidole kwenye zile nyuzi za shaba, akasema, "Hiki mmekishona." Akaanza kunisimulia mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu, ambayo aliiwahi utotoni: mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake ni mkeka. Wabajuni ndio waliosifika kwa kuishona. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba baharia wa Kigiriki, yapata miaka 2,000 iliyopita, aliandika kuhusu mji wa pwani yetu uitwao Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Kwa hiyo usidhani unakwenda kinyume na wazee ukishona. Msumari ndio mgeni.

Kisha Babu akaenda nyuma, tezi, akafumba jicho moja, akatazama kuelekea omo, mbele ya chombo. Akakaa hivyo kitambo. "Bega la kushoto limeshuka," akasema. "Kimejisokota." Tukaweka kamba na futi, na kweli: kona moja ilikuwa chini ya mwenzake kwa upana wa kidole gumba. Resini imeshakuwa jiwe. Hatukuweza kufanya lolote. Kidau kile kilisafiri miaka mingi pale Tudor, hapa Mombasa, na siku zote kilibisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, vizuri upepo ukiwa upande mmoja, upande wa pili kilikuwa kizito.

Hilo ndilo jibu lako. Babu hakupoteza jicho lake kwa kitu asichokihesabu. Kilichomuuma ni msokoto, plaiwudi hakuitaja hata mara moja.

Basi ukishashona, usiwe na haraka ya gundi. Funga uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya ubao wa tezi, uone kama unapita juu ya mstari wa katikati chini. Pima kutoka omo hadi kona ya kulia ya tezi, kisha kona ya kushoto. Vipimo viwe sawa. Laza fito mbili zilizonyooka kukingama juu ya kidau, moja mbele na moja nyuma, uchuchumae uzitazame kwa usawa wa jicho. Zikiwa sambamba, kimenyooka. Zikipishana, legeza waya, sukuma, chomeka kabari chini, pima tena. Hata ukitumia siku nzima. Waya hulegezwa, epoksi, ndiyo hiyo gundi, ikikaza hailegezwi.

Plaiwudi nunua ile ya baharini, milimita 5 au 6. Ukiwa na shaka nayo chemsha kipande kwenye sufuria saa moja. Kikiachana tabaka, kirudishe kwa aliyekuuzia. Ncha zilizokatwa ndizo mlango wa maji, zinyweshe epoksi mpaka zikatae kunywa. Sisi huku tatizo letu lilikuwa joto: tulichanganya kopo zima saa nane mchana, likafuka moshi mkononi mwangu kabla hatujapaka hata nusu. Kwako tatizo litakuwa baridi, ikishuka chini ya nyuzi 10 gundi haitaki kukauka, kwa hiyo tafuta hita au subiri Aprili. Na vaa glavu tangu kopo la kwanza. Ngozi ikishaikataa epoksi, haiipokei tena, nimewaona mafundi wazuri wakiacha kazi hii kwa mikono kuvimba.

Epoksi haipendi jua, ipakwe rangi juu. Matanga nunua yaliyoshonwa, usijitese. Vile vyumba vya hewa chini ya viti usivitoboe kwa ajili ya kuweka vitu, ndivyo vitakavyokuelesha kidau kikipinduka, na siku ya kwanza kipindue mwenyewe kwenye maji ya kifuani, umevaa jaketi la uokozi, ujifunze kukisimamisha.

Kabla hujachanganya gundi nipigie. Simama hapo na futi, unisomee vile vipimo viwili, cha kulia na cha kushoto, kisha unipigie picha ukiwa umesimama tezi, unatazama omo. Tuma hata ikiwa usiku wa manane kwetu. Simu nitailaza karibu na mto.

Baba yako