Kabla hujanunua jezi: timu ya kikapu ya watoto hapa Kigoma

Kosa langu la kwanza lilikuwa jezi. Nilirudi Kigoma kutoka Dar na hamu yangu ya kikapu, nikachangisha kijiweni pale Mwanga, nikanunua jezi 15 zenye namba mgongoni. Mpira ulikuwa mmoja. Siku ya kwanza walikuja watoto 30, wakapanga foleni kama ya bombani: kila mmoja anadunda mara tano, anarudi nyuma. Wiki ya pili walikuja 11. Mtoto haji mazoezini kumtazama mwenzake akidunda.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza, hata kama ni ndogo, iishie kwenye mipira. Angalau mmoja kwa kila watoto wawili. Nunua ya raba. Ya ngozi itachubuka kwenye udongo wetu kabla ya mwezi kuisha. Wa shule ya msingi wape namba 5, namba 7 ni ya wavulana wakubwa.

Kosa la pili, ringi. Sheria inasema iwe juu mita 3.05, nami nikaing'ang'ania. Mtoto wa miaka tisa akawa anauchota mpira kutoka magotini kwa mikono miwili na kuurusha kama anamwaga maji ya ndoo. Nikamwita fundi wa kuchomelea, akaishusha hadi mita 2.60, kipimo cha kikapu cha watoto, na viwiko vikaanza kukaa chini ya mpira vyenyewe. Neti usinunue. Shuka Kibirizi kwa wavuvi, omba kipande cha wavu mkuukuu, ila usichukue wa dagaa: matundu yake ni madogo mno, utakuwa unapanda ngazi kutoa mpira.

Zege nalo lisikutishe. Nusu uwanja ni mita 15 kwa 14. Kwa unene wa sentimita 10 hizo ni mita za ujazo 21, na ukimpa fundi hesabu hiyo utaghairi timu. Sisi tulisomba udongo wa kichuguu, tukamwagia maji, tukashindilia. Mpira unadunda vizuri tu. Masika tunapumzika, tunafanya pasi barazani.

Sasa wachezaji. Kila mtu huwaendea wavulana wa chandimu. Mimi nakushauri uanzie kwenye uwanja wa mpira wa pete. Msichana aliyecheza pete tayari anajua kudaka kwa mikono miwili, kutoa pasi ya kifua, na kuugandisha mguu mmoja chini huku mwingine ukizunguka. Goli lake liko mita 3.05 zile zile, ringi yake ni nyembamba zaidi, na ubao hana. Ukimpa ubao anaona umempendelea. Kinachomsumbua ni kudunda tu, kwa sababu kwenye pete hakimbii na mpira. Mvulana wa chandimu ni kinyume chake: miguu anayo, mikono hana. Wachanganye, wafundishane.

Wavulana watakutajia Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, aliyechaguliwa wa pili timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, kimo mita 2.21. Halafu wafupi wataanza kuondoka kimya kimya. Mimi huwapa hao wafupi kazi ya kupandisha mpira, wanabaki.

Kwa wasichana, nenda nyumbani kwanza. Mama mmoja wa Katubuka aliniambia, "Mwanangu, mpira ni mzuri, lakini maji yangu atachota nani?" Nikamjibu, "Nimekuelewa, mama," nikahamishia mazoezi ya wasichana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti yake hajakosa tangu hapo.

Na ruhusa ichukue kwa maandishi. Shule ya kwanza tulikubaliana na mwalimu mkuu kwa mdomo. Akahamishwa. Aliyemfuata alikuta nguzo zetu zimesimama mahali alipotaka kujenga darasa, akatupa wiki moja. Darasa ni haki yake, ila nilichimba nguzo zile peke yangu, juani. Siku hizi naandika barua kwa kamati ya shule, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa michezo wa manispaa, na muhuri naudai.

Jambo la mwisho ni dogo. Sindano ya pampu ilowanishe kabla ya kuiingiza, la sivyo utaharibu tundu la mpira. Nunua tatu. Yetu inakaa shingoni kwa binti wa darasa la sita, kwenye uzi wa nailoni, na hata mimi kocha nikiitaka naulizwa ya nini.