Shule ya Ada Nafuu: Hesabu Kabla ya Kununua Fomu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Yeye anaendesha bajaji, nami nina duka dogo la vitenge. Mtoto wetu wa kwanza anaanza darasa la kwanza Januari, na mdogo wake atamfuata baada ya miaka miwili. Tunataka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na tumebakiwa na mbili za kuchagua. Ya kwanza ina ada ya shilingi 780,000 kwa mwaka na imetundika bango kubwa la ufaulu wa darasa la saba, ila iko mbali, hivyo kuna basi la shilingi 40,000 na chakula cha shilingi 30,000 kila mwezi. Ya pili ni shilingi 1,150,000 pamoja na chakula, na mtoto atakwenda kwa miguu, lakini matokeo yake ni ya wastani. Mume wangu anaona ya kwanza ndiyo nafuu. Unatushauri nini?
Mama wa watoto wawili, Mbagala

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kutuandikia tarakimu zote, kwa kuwa zenyewe zinajibu sehemu kubwa ya swali. Basi na chakula kwa miezi kumi ya masomo ni shilingi 700,000; ukijumlisha na ada, shule ya kwanza inafikia shilingi 1,480,000 kwa mwaka, yaani 330,000 zaidi ya ile mnayoiona ghali. Hapo bado hamjaulizia sare, madaftari, mitihani ya majaribio, masomo ya Jumamosi na mahafali. Ombeni fomu ya kujiunga yenye orodha ya malipo yote kwa mwaka mzima, iliyogongwa mhuri wa shule, na msilipe chochote kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni miaka ijayo. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na kwa kuwa watoto wenu wamepishana miaka miwili, kutakuwa na miaka minne ambayo wote wawili watakuwa shuleni pamoja. Hata katika shule ya pili, miaka hiyo itadai shilingi 2,300,000 kila mwaka iwapo ada haitapanda, na kwa kawaida hupanda. Ulizeni mapema kama kuna punguzo kwa ndugu na kama ada hulipwa kwa awamu nne, kisha mpige hesabu kwa kutumia kipato cha miezi mibaya, si cha msimu wa sikukuu. Mtoto anayeondolewa mchepuo wa Kiingereza akiwa darasa la tatu au la nne kwa sababu ada imeshindikana hulazimika kujifunza upya istilahi za Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili wakati upimaji wa kitaifa wa darasa la nne umekaribia. Kama hesabu haifiki mwisho, ni heri aanze shule ya serikali, ambako ada ilifutwa na ambako mtaala ulioanza 2024 unafundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama vile Olympio, Diamond na Bunge, lakini ziko katikati ya jiji, nafasi zake hugombaniwa sana, na kutoka Mbagala mtoto wa miaka sita atalazimika kupanda daladala alfajiri.

Kuhusu bango, nawasihi msilitegemee. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yamo katika tovuti yake, na humo mtaona jambo ambalo mabango hayalionyeshi: idadi ya watahiniwa. Chukueni matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa 2021, kisha mtazame wangapi wa shule hiyohiyo walifanya mtihani wa darasa la saba 2024, kwa kuwa kimsingi ni watoto walewale. Kama walikuwa 60 na wakabaki 35, mwulizeni mwalimu mkuu wale 25 wengine walikwenda wapi. Wengine huhama na wazazi wao, ni kweli, lakini zipo shule zinazowakaririsha darasa au kuwashauri kuhama watoto wenye alama ndogo ili wastani upande, na mzazi wa mtoto anayechelewa kuelewa anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa. Shule ya wastani inayowafikisha mwisho watoto wote iliowapokea ni bora kwangu kuliko yenye bango.

Nendeni katika shule zote mbili siku ya kawaida, saa nne asubuhi, bila kutoa taarifa. Ombeni kuona madaftari ya darasa la pili, mtazame kama yamesahihishwa wiki hii na kama masahihisho yamefanywa. Mwulizeni mwalimu wa darasa la kwanza amekuwapo hapo kwa muda gani, kwa maana shule inayochelewesha mishahara hubadilisha walimu katikati ya muhula, na wanaoumia kwanza ni wadogo wanaojifunza kusoma. Mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Vyote viwili mnaweza kuvihesabu wenyewe. Hakikisheni pia kuwa shule ina cheti cha usajili na kwamba mtoto atapewa namba ya PReM, ambayo hutumika katika uhamisho na usajili wa mitihani.

Kwa tarakimu mlizonipa, ningeichagua ya pili, endapo madaftari yake hayatawakatisha tamaa.

SWALI: Mjukuu wangu anaingia darasa la pili. Shule binafsi moja imekubali kumchukua bweni kwa bei ndogo. Je, nimpeleke?
Bibi, Morogoro

JIBU: Shikamoo Bibi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2023 ulisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Waombe wakuonyeshe kibali hicho. Wakishindwa, usilipe, na mtaarifu Ofisa Elimu wa halmashauri yako, kwa kuwa huenda wapo watoto wengine wanaolala hapo bila mamlaka kujua.