Kazi za chuo kikuu: soma tangazo mpaka mstari wa mwisho

Zikitangazwa nafasi za kazi za vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania, simu yangu haipumziki. "Kaka, nimeona wanaajiri, CV nimpelekee nani?" Humpelekei mtu. Kwa kawaida ajira hizo zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi unayaingiza mwenyewe kwenye tovuti yake, Ajira Portal. Hata kama nafasi iko Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Dar es Salaam (Mlimani), barua anaandikiwa Katibu wa Sekretarieti, si Makamu Mkuu wa Chuo, tena iwe na sahihi yako. Vyuo binafsi vinajitangazia vyenyewe, kila kimoja na utaratibu wake.

Upande wa taaluma, GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, haina huruma. Kwa Mkufunzi Msaidizi, matangazo mengi yanataka isiyopungua 3.8 kati ya 5.0 kwenye shahada ya kwanza. Kwa Mhadhiri Msaidizi wanaongeza 4.0 ya shahada ya umahiri. Kama una 3.6, usipoteze bando. Geukia nafasi ambazo wengi wanazipita bila kuzisoma: mkutubi, fundi sanifu wa maabara, mhasibu, afisa utumishi. Chuo hakiendeshwi na wahadhiri peke yao, na huko mara nyingi wanaangalia fani uliyosomea kuliko GPA.

Halafu vyeti. Hapa ndipo watu wazuri wanapokwama. Matangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Uliyesoma nje, shahada yako ipitie kwanza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Na majina! Kijana mmoja niliyemsaidia alikuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye cha kidato cha nne, na kitambulisho cha NIDA kikaja na herufi zake. Tulilishughulikia kwa wakili mapema, kabla hata nafasi haijatangazwa. Ukingoja uitwe kwenye usaili ndipo uanze kuhangaikia hati ya kurekebisha majina, siku hazitakutosha. Nauli, chakula na malazi ni juu yako pia, kwa hiyo usiende kurudishwa mlangoni.

Usaili wa mchujo ni mtihani wa kuandika, sina la ziada: rudi kwenye madaftari yako. Anayeomba kufundisha ajiandae pia kufundisha mbele ya jopo. Mimi nilipewa kalamu na ubao. Somo langu ni takwimu, basi nikaandika mishahara ya watu watano, wa tano akiwa bosi, kuonyesha jinsi wastani unavyoweza kudanganya. Mjumbe mmoja, ambaye muda wote alikuwa ameinamia karatasi yake, akainua kichwa: "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuelewa hapo?" Nikafuta, nikaanza upya kwa namba ndogo. Naamini hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta, maana tasnifu yangu hawakuigusa kabisa. Kwa hiyo fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua fani yako. Mdogo wako anatosha.

Ukifaulu usipangiwe kituo, usikate tamaa haraka. Majina ya waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi kama hiyo ikitokea chuo kingine wanaweza kukuchukua bila usaili mpya. Namba ya simu uliyoijaza kwenye akaunti yako iwe hewani. Na akitokea mtu wa kukuambia utume "hela ya faili" ili jina lako lisogezwe juu, mblock.