Geto la Mikindani, pindi la saa moja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeanza mwaka wa kwanza chuo hapa Mtwara mjini. Jirani na chuo chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mikindani nimepata cha 25,000, tena kina umeme. Nina vipindi siku tano kwa wiki, vingine vinaanza saa moja asubuhi, na jioni kuna diskasheni. Nichukue?
Mwanachuo, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 25,000 unayookoa igawe kwa siku 22 za vipindi, kwenda na kurudi: safari 44, kila moja shilingi 568. Nauli ikizidi hapo, unafuu wa chumba umeliwa njiani. Na usimwoneshe konda kitambulisho cha chuo ukitegemea nauli ya mwanafunzi. Ile ni ya watoto wa shule. Boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa, mwenye nyumba unaweza kumsihi. Konda anataka chake hapo hapo.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni kurudi. Nilisoma ualimu hapo mjini nikiishi Mikindani kwa mama mdogo. Asubuhi haikunishinda hata siku moja: kina mama wa samaki na ndoo zao wanaijaza daladala upesi, na ni kilomita kama 10 tu. Daftari langu lilinuka dagaa muhula mzima, lakini pindi niliwahi.

Jioni gari linasubiri lijae. Konda anagonga bati kwa sarafu, "bado wawili, bado wawili". Wawili wakija, mmoja wa mwanzo kachoka, kashuka. Na mwezi wa sita huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache. Siku moja tulibaki wanne, dereva akasema haendi tena. Nikapanda pikipiki, mshikaki, mimi wa mwisho nyuma, bila kofia ngumu. Tuliteleza kwenye mchanga kabla ya kufika. Kovu la goti ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujatoa kodi, kaa mjini siku ya kazi mpaka saa moja usiku, halafu panda kwenda Mikindani kama unayetoka diskasheni. Rudia siku ya mvua. Ukishuka, hesabu dakika za kutembea gizani mpaka mlangoni.

Mimi ningekuwa wewe, ningetafuta mwenzangu wa darasa tugawane kile cha 50,000. Kila mmoja 25,000, bei ile ile ya Mikindani, na diskasheni hata ikichelewa mpaka saa tatu, mnarudi wawili kwa miguu.

Ukikosa kabisa mtu wa kukaa naye, nenda Mikindani, lakini tafuteni watatu mnaokaa upande huo, mwelewane na dereva mmoja wa bajaji anayelala huko huko. Namba yake uwe nayo kabla ya diskasheni ya kwanza.