Mtoto anakohoa, daktari yuko kwenye simu

Pole, mama. Umeuliza kama ni salama mwanao wa miezi 8 kutibiwa kikohozi kwa simu, maana kituo cha afya kiko mbali. Kikohozi chepesi, sawa, ila macho ya daktari hapo ni wewe. Kabla ya kupiga, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi huenda ni nimonia; aonwe ana kwa ana. Taja uzito na dawa zote alizokunywa, hata za mitishamba (wengi huzificha hizi). Simu ikikatika katikati ya maelezo ya dozi, usikisie, piga tena. Akishindwa kunyonya, akipata degedege au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, achana na simu, mpeleke.